Utando Uliovuja

Kasilda alikuwa mtaalamu wa nyuzi. Katika maabara moja mjini Gitega, Burundi, alichemsha mashina ya migomba, akayasaga mpaka yakawa nyuzi za nano zisizoonekana kwa macho, kisha akazikandamiza kuwa utando mweupe kama karatasi. Maji yalipita, vijidudu vikabaki juu. Swabra, mshonaji wa Muyinga, alizishonea tando hizo vitambaa na kuzigawa kijijini Buhinyuza, zikawekwa kwenye ndoo za watu.

Siku moja Swabra alimletea vitambaa vilivyotumika ili avipime. Kasilda alivipima mara mbili, majibu yakawa yaleyale. Nyuzi zilikuwa zimevimba kwa kulowa na kuachana. Maji yalitoka maangavu, lakini vijidudu vilikuwamo.

Alimkimbilia mkuu wake, Bonifasi.

"Tuvikusanye leo."

Bonifasi alifunga mlango. "Wafadhili wanafika Jumatatu. Ukisema neno, maabara inafungwa. Ngoja waondoke."

"Watu wanakunywa, mkuu!"

"Kabla yako walikunywa maji ya bondeni. Nani alikufa?"

Kasilda alimjua aliyekufa. Mdogo wake alikufa kwa kuhara na kuzikwa kwenye kambi ya wakimbizi, kule Tanzania. Alitoka, akampigia Swabra simu.

"Waambie wachemshe maji."

"Dada, mi naogopa," Swabra alijibu. "Kitambaa ni mi niliwapa. Na makaa iko wapi? Kuchemsha waliacha zamani. Kuja weye mwenyewe."

Mafuta ya magari yalikuwa yameadimika, mabasi yamelala. Jumamosi alipata nafasi juu ya lori la maharage lililopitia Karuzi hadi Muyinga, akaondoka bila kuaga. Kesho yake yeye na Swabra walifika Buhinyuza kwa baiskeli za kukodi, watu wakitoka kanisani.

"Ndugu zangu," Kasilda alisema, "utando wangu umeshindwa. Maji yale si salama. Nirudishieni vitambaa, na tafadhali chemsheni."

Watu walitazamana. Eliud, mkulima aliyekuwa jirani yao kambini, alivua kofia.

"Binti yangu, kule tuliambiwa rudini nyumbani, kila kitu kipo. Tukarudi. Wewe ukatuambia kunyweni. Tukanywa. Leo tumsikilize nani?"

"Nisikilizeni mimi, baba. Nilikosea."

"Anataka kuwapelekea wengine vitambaa vyetu!" mtu akapaza sauti.

Eliud alikwenda kwake, akarudi na kitambaa chake, akamkabidhi. Wachache wakamfuata. Wengine wakajiendea zao. Mama mmoja, Jeska, alikuwa akimnywesha mwanawe kikombe cha maji yaliyochujwa. Kasilda akamshika mkono.

"Usimpe, mama."

Jeska akauchomoa mkono wake. "Maji meupe hivi?"

Jumatatu Bonifasi alipiga simu. Nyuma yake vilisikika vicheko na makofi.

"Usirudi. Kufuli nimebadilisha."

Hata angetaka kurudi, gari halikuwepo. Kasilda alikaa chumba cha nyuma kwa Swabra, ambako cherehani sasa ilikuwa kimya.

"Wateja wananipita kama mi niko mchawi," Swabra alisema, akimsogezea sahani. "Kula. Si weye nakasirikia."

Kila walipokwenda Buhinyuza milango ilifungwa. Kasilda alisimama uani kwa watu akijua kilichomo kwenye ndoo zao, na hakuna aliyetaka kujua.

Kisha Eliud akaleta habari: mtoto wa Jeska yuko zahanati, amewekewa dripu. Kasilda alikwenda mbio. Mtoto alikuwa amekauka midomo, lakini macho yalikuwa yamefunguka. Muuguzi alisema atapona. Kasilda alijiandaa kutukanwa.

Jeska alimshika kanga. "Dada, kile kitambaa kimechoka. Nipe kingine kipya."

"Kingine hakuna, mama."

"Si wewe unayevitengeneza?"

Mashine zake, kemikali zake, vyote vilikuwa nyuma ya kufuli ya Bonifasi. Na hata angevipata, hakujua bado namna ya kuzizuia nyuzi zisiachane.

"Chemsha maji," alisema.

"Kuni nitatoa wapi?"

Kasilda alikaa kando ya kitanda, Jeska bado amemshikilia kanga.