Kijiti cha Bwlch Helyg

Kila Agosti tunapiga hema nyuma ya stesheni ya Rhyd-lwyd, mimi, Luned na Elfed, na kila Agosti majirani wananiuliza swali lile lile: likizo gani hiyo ya kubeba makaa ya mawe? Nimechoka kuwajibu. Mtu ambaye hajawahi kusikia kichwa cha treni ya mvuke kikipumua mlimani asubuhi, nimweleze nini? Wao waende Hispania wakaungue na jua. Sisi tunaungua na tanuri, bure, na mvua ikinyesha tunalala matopeni.

Elfed ni dereva. Mimi nalisha moto. Luned anakaa kwenye kibanda cha ishara, anaamua nani apite na nani asubiri. Reli ni ya zamani, ya kutembeza watalii, na sisi ni wa kujitolea: hakuna anayelipwa hata senti, na ole wake atakayesema tunacheza.

Mwaka huu Elfed alikuwa haoni. Nasema wazi kwa sababu hakuna aliyekuwa akilisema. Ijumaa asubuhi alimimina maziwa pembeni ya kikombe yakaishia kwenye buti za Luned, tukacheka, tukajitia hamnazo. Mchana tukapanda mlima na mabehewa matupu kujaribu mashine. Kuna kona moja ambako ishara huonekana upande wa dereva tu. Kwenye ishara nyingine zote mimi humtajia, tangu Pasaka, nikijifanya ni mazoea. Pale siwezi. Akaipita ikiwa inasema simama. Niliiona tulipokuwa tumeshaifikia, nikapiga ukelele, akasimamisha.

"Breki zinateleza leo," akasema, na kujifuta jasho.

Hapakuwa na treni mbele, hakuumia mtu. Lakini Jumamosi ndiyo siku ya familia, na mabehewa yangejaa watoto.

"Mwambie wewe, Mererid," Luned aliniambia jioni tukiosha sufuria. "Wewe ndiye unayekaa naye kule mbele."

"Kwa nini mimi? Wewe umesoma naye tangu mko na kamasi."

"Ndiyo maana siwezi, shoga. Tangu Nesta afariki, yule Gwenno ndiye mke wake. Nikamnyang'anye na huyo?"

Gwenno ni kichwa chetu cha treni, cha kijani, kikongwe kuliko sisi sote. Kupitia kitambaa cha hema tulimsikia Elfed akiupiga mluzi wimbo wa kanisani, na vile alivyokuwa na furaha, moyo ukaniuma. Nilinyamaza. Mimi, ambaye mchungaji wetu huniomba nipunguze sauti hata wakati wa sala.

"Basi kesho nitampa kijiti kisicho chake," Luned akasema.

Reli yetu ni moja, treni zinapanda na kushuka humo humo. Ili zisikutane uso kwa uso, kila kipande cha njia kina kijiti chake cha mbao kilichochongwa jina, na dereva hatembezi gurudumu kabla hajakishika na kulisoma jina lake kwa sauti. Luned angempa cha kipande cha chini badala ya cha Bwlch Helyg, kipande cha kupanda mlima. Akikipokea na kusema sawa, kanuni ndiyo itakayomshusha, sio sisi. Nikamwambia huo ni woga mtupu. Halafu nikakubali.

Jumamosi jukwaa lilifurika. Bibi mmoja alikuwa akigawa vipande vya mkate wa zabibu, watoto wakigombea dirisha la kwanza. Elfed alikuwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, nani mwingine anapiga pasi kwenye hema? Luned akaja na kijiti, uso umemshuka, akakinyoosha juu. Elfed akakipokea.

"We Luned, umelewa asubuhi yote hii?" akasema. "Hiki cha chini. Unataka kutuua? Kalete cha Bwlch Helyg."

Luned akacheka kwa sauti, akakimbilia kibandani akiruka kama msichana. Na mimi ningecheka. Bahati mbaya nilikuwa namtazama Elfed usoni. Macho yake yalikuwa mlimani muda wote. Kilichosoma ni kidole gumba, kilichokuwa kikipita polepole juu ya herufi.

Luned akarudi na kile cha kweli.

"Bwlch Helyg," Elfed akasoma.

"Kwa macho, Elfed," nikasema.

"Nini?"

"Kisome kwa macho. Usikiguse. Nitakushikia mimi."

Nikakichukua, nikakishika mbele yake kwenye mwanga. Gwenno alikuwa akitoa mvuke taratibu. Elfed akakitazama mpaka nikatamani nikirudishe.

"Jana," akasema mwishowe. "Zile hazikuwa breki?"

"Hazikuwa breki."

"Umejua tangu lini?"

"Pasaka."

Nilijiandaa kwa matusi. Elfed ana matusi mazuri, ya machimboni, aliyorithi kwa baba yake. Hakutukana.

"Mimi nilidhani ni miwani," akasema. "Halafu nikadhani ni moshi. Nikiingiwa na wasiwasi, najiambia, si nipo na Mererid? Mdomo wa yule mwanamke haujawahi kufungwa. Siku nikiharibikiwa, wa kwanza kuniambia ni yeye. Ukawa kimya. Nikajua bado naona."

Nilitaka kumwambia kwamba ni kwa sababu nampenda. Halikutoka, na nashukuru, maana lingekuwa neno la aibu mbele ya wale watoto.

Akatafuta ngazi kwa ncha ya kiatu, akashuka, akakataa mkono wangu. Chini akamgeukia Luned, ambaye bado alikuwa na tabasamu lake.

"Mwambie stesheni masta atafute dereva mwingine," akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa jukwaa. "Huyu haoni."

Watu wakageuka kumtazama. Luned akaangalia chini. Mimi nikabaki nimeshika koleo na kijiti.