Dakika Arobaini za Utomvu

Wenzake pale maabara walimwita Binti Gundi, kwa kuwa miaka mitatu alikuwa akihangaika na utomvu wa mti mmoja tu, na mti wenyewe ulishakatwa. Utomvu uliobaki haukujaza kijiko. Siku hiyo aliutia wote ndani ya neli ya kioo, akaumiminia tindikali, akaitumbukiza neli kwenye beseni la maji ya moto. Roho ilikuwa juujuu.

Kazi hii haina mchezo. Utomvu ni minyororo mirefu ya sukari zilizoshikana, mirefu mno kusomeka, na tindikali ya moto huikatakata. Ukiwahi kuutoa, hujapata kitu. Ukichelewa, kila pingili inaachana na nyingine, unabaki na sukari tupu isiyoweza kukwambia ilikuwa imepangwaje. Yeye alitaka vipande vya pingili tatu, nne, tano. Dakika arobaini, basi. Na Profesa, msimamizi wake, alishasema: bila vipande hivyo mwezi huu, nafasi yake anapewa mwingine.

Dakika ya arobaini aliichomoa neli, akaisimamisha kwenye kishikio. Akageukia barafu ya kuipozea. Ndoo tupu! Barafu nyingine ilikuwa jengo la pili, ghorofa ya juu. Akatoka mbio kama aliyefukuzwa na nyuki.

Aliporudi anahema, kishikio kilikuwa kitupu. Neli ilikuwa imerudi motoni, na kando yake fundi wa maabara, mzee mpole aliyemfundisha hata kushika chupa, anafuta meza.

"Nimekutumbukizia, mwanangu. Nikajua umeisahau."

"Mzee! Tangu saa ngapi?"

"Dakika kumi hivi. Labda zaidi, sikutazama saa." Kisha uso ukambadilika. "Lakini haikuwa na kibanio."

Kweli haikuwa nacho. Pale, neli iliyokwisha kuiva hubanwa kibanio chekundu shingoni. Isiyo nacho ndiyo inayosubiri kuingia motoni. Sheria hiyo aliiweka mzee mwenyewe, na hakuna aliyeivunja. Kibanio kilikuwa mfukoni mwa koti la Binti Gundi, ameshakiandaa tangu asubuhi.

Akaipoza neli, akaiua nguvu tindikali, akadondosha tone kwenye bamba la kupimia. Saa mbili za kusubiri alikwenda chooni mara nne. Kwenye bamba, kipande kirefu hujikokota na kifupi hukimbia, kwa hiyo kazi ikifaulu madoa hupangana kama vidato vya ngazi. Lake lilikuwa na doa moja, juu kabisa. Sukari tupu.

Profesa aliliangalia bamba, akawaangalia wao wawili. "Nani aliirudisha motoni?"

Binti Gundi aliingiza mkono mfukoni, akakigusa kibanio.

"Ni mimi, Profesa," mzee akasema, akivua miwani. "Kibanio alikibana. Macho yangu ndiyo hayakukiona."

Alidanganya hivyo mchana kweupe, mtu ambaye hakuwahi kudanganya hata kipimo cha maji.

Profesa akashusha pumzi. "Basi, mzee, kuanzia kesho usiguse tena beseni. Utaosha vyombo." Akamgeukia Binti Gundi. "Wewe huna kosa. Nakupa miezi sita, katafute mti mwingine."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya aibu, Mungu amsamehe, kulikuwa na nafuu. Sentensi moja tu ilitosha kumwokoa mzee, na alikuwa nayo.

"Asante, Profesa," akasema, wala hakumtazama mzee.