Maji ya Bomba Jeusi

Fundi bomba mmoja, mwanamke, watu walimzoea kwa jina la Koki, naye aliitika bila kinyongo. Siku umeme ulipokatika, saa tano asubuhi, alikuwa nyumbani kwa baba yake, amepiga magoti kando ya bwawa la kuogelea, anasoma kipimajoto. Nyuzi ishirini na tisa! Akacheka peke yake.

Baba yake mtaa mzima ulimwita Kocha. Kwa miaka thelathini alikuwa amewafundisha watoto kuogelea katika bwawa hilo, alilolichimba mwenyewe uani. Kisha kiharusi kikampiga, kikamwachia upande mmoja tu. Mkono na mguu wa kushoto vikabaki kama vya mtu mwingine. Hata ungemfinya hapo, hasikii. Daktari wa viungo alisema afanye mazoezi majini kila siku, lakini maji yawe ya uvuguvugu, maana baridi ingemkaza misuli badala ya kuilegeza.

Hapo ndipo vuta nikuvute ilipoanza. Kaka yake Koki, mchomelea vyuma, mtu wa mikono mikubwa na maneno makubwa zaidi, aliunda jiko la pipa akalizungushia mabomba. Walichoma kuni kutwa nzima. Maji yakapanda nyuzi moja, na jirani akaanua mashuka yaliyonuka moshi. Muuzaji mmoja mwenye tai akaja na picha za mashine ya umeme. Ilikuwa mashine ya maana, ila bili yake ingemeza pensheni ya mzee na kuramba sahani. Ndipo Koki akapanda juu ya paa la gereji na mita mia tatu za bomba jeusi la plastiki, akalilaza juu ya bati, mzunguko ndani ya mzunguko. Pampu ya bwawa ikawa inapandisha maji, jua linayapasha bure, yanarudi bwawani kupitia tundu moja la ukutani, upande wa kina kifupi. Jioni wakalifunika bwawa kwa turubai la plastiki ili joto lisitoroke. Baada ya wiki mbili kaka alikuwa kimya, jambo ambalo watu wa nyumba ile hawakulizoea.

Kilibaki kitu kimoja: swichi ya kuzuia pampu isijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Kwa mteja, Koki asingethubutu kuondoka bila kuifunga. Lakini hapa ni nyumbani, alijiambia. Wiki ijayo.

Basi umeme ulipokatika, pampu ikanyamaza, na Koki akaenda zake kuzibua sinki la mtu. Alirudi saa tisa alasiri, jua bado kali, bati la gereji linalia kwa joto. Akawakuta baba na kaka wamo majini. Kaka alikuwa amemshika mzee kiunoni. Kocha alisimama pale alipopapenda siku zote, upande wa kushoto umeelekea tundu la ukutani.

"Umechelewa, mama," Kocha alisema, maneno yakimtoka kwa taabu. "Leo nimepiga hatua kumi na mbili."

"Tisa," kaka akasema. "Tatu nilimbeba."

Koki akacheka, akavua viatu, akakaa ukingoni. Alikuwa anakunja suruali aliposikia friji ya jikoni ikianza kunguruma.

Mikono yake ikasimama palepale. Umeme umerudi. Na ndani ya lile bomba jeusi maji yalikuwa yamekaa saa nne juu ya bati, bila kwenda popote, yanachemka polepole kama sufuria iliyosahauliwa. Nyuma ya gereji pampu ikakohoa mara moja, mara mbili, ikashika.

"Mtoe baba hapo!"

"Nimemshika," kaka akajibu bila kugeuka. "Hebu acha kututia presha."

"Kaka, mtoe! Maji ya moto yanakuja!"

"Si ndiyo tunayoyataka?"

Swichi ya pampu ilikuwa nyuma ya gereji, hatua ishirini na zaidi. Asingewahi. Koki akajitupa majini na nguo zake. Maji yalimfika kifuani, mazito, kila hatua kama anavuta gunia. Tundu lilianza kutapika mapovu, kisha maji baridi yaliyobaki kwenye bomba la chini. Alihesabu moyoni bila kutaka: moja, mbili, tatu. Akajipenyeza kati ya ukuta na baba yake, akaligeuzia tundu mgongo.

Yakafika. Hakuyasikia kama joto; aliyasikia kama kisu. Pumzi ikamkatika. Mengine yalimpita ubavuni. Akamsukuma baba yake kwa mikono yote miwili, kaka naye akamdaka na kurudi naye kinyumenyume hadi katikati ya bwawa. Safari hii hakuuliza. Mvuke ulikuwa unafuka juu ya maji, na uso wa dada yake ulikuwa umegeuka rangi.

"Zima pampu!" Koki akalia. "Niachie mimi baba, kimbia!"

Pampu ilipozimwa wakamtoa mzee na kumlaza kwenye sakafu ya baraza. Paja la kushoto lilikuwa limeiva wekundu, na mahali pa ukubwa wa kiganja ngozi imejikunja. Koki akafungulia mpira wa tangi, akamwagia maji baridi bila kukoma. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa unawaka moto.

Kocha akainua kichwa, akalitazama paja lake kama anatazama kitu cha jirani. "Mbona sisikii kitu?" akauliza.

Hapo ndipo Koki alipoanza kulia.

Hospitali waliwafunga bandeji wote wawili. Waliporudi, kaka alichukua msumeno na ngazi moja kwa moja, hasemezeki.

"Nakwenda kulikatakata hilo dude lako," akasema. "Mimi na pipa langu mlinicheka. Pipa langu lilimuunguza nani?"

"Kosa si la bomba," Koki akasema. "Kuna swichi sikuifunga."

Kaka akaiteremsha ngazi taratibu. Kocha, kitini, akamwita binti yake kwa kidole cha mkono wa kulia.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

Mdomo wa mzee ukatafuta maneno. "Miaka thelathini," akasema, "sikumwacha mtoto bwawani bila kuhesabu vichwa. Na wewe nilikuhesabu. Mwanangu mwenyewe, nilikuhesabu."

Afadhali angegomba.

Kidonda kilichukua wiki tano. Mguu ukakakamaa tena, hatua zote zile zikapotea, na daktari wa viungo alipouona akatikisa kichwa. Koki alifunga ile swichi siku ya pili baada ya ajali, amelala kifudifudi sakafuni kwa sababu mgongo haukukubali kuinama. Akalihamisha tundu la kurudishia maji hadi upande wa kina kirefu, mbali na mtu yeyote. Kaka akachomelea kizuizi cha chuma mbele ya tundu hilo. Hakuombwa, wala hakutamba.

Siku mzee aliporuhusiwa kurudi majini, alisimama kwenye ngazi ya bwawa akishikilia reli, akakataa kuingia.

"Pampu?" akauliza.

"Imezimwa, baba."

"Umeiona kwa macho?"

Koki akazunguka gereji, akaitazama, akarudi. "Nimeiona."

"Kipimajoto?"

"Ishirini na nane."

"Ingia wewe kwanza."

Akaingia. Akazunguka bwawa zima, kiganja kikipapasa ukuta, hadi kwenye kizuizi cha chuma na kurudi. Kovu la mgongoni lilimvuta kila alipoinua mkono. Kisha akasimama chini ya ngazi, akanyoosha mikono.

Kocha akaachia reli.