Hakimu Kasusa

"Kula, baba. Kula, usinitie aibu," alisema Mama Upawa, akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya sebule, kipande cha mkate uliolowa maziwa kikichuruzika kati ya vidole vyake.

Sungura aligeuza uso.

Ala! Mama Upawa alikaa kitako, akamtazama vizuri. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza jikoni kwenye shule ya bweni, mbele ya masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, na jina la Upawa walimpa wanafunzi kwa sababu yeye akiwepo hakuna aliyejipakulia. Alikuwa akimwangalia mtoto usoni, anajua huyu ana njaa ya kawaida na yule ana njaa ya kukumbuka kwao, na yule wa pili anaongezewa bila kuomba. Watoto walilalamikia hesabu, walilalamikia viatu, walilalamikia baridi ya bwenini. Chakula chake walikilamba mpaka sahani zikang'aa. Hakuna kiumbe aliyewahi kumgeuzia uso, sembuse mwenye masikio marefu kiasi hiki.

Alikuwa amehamia kwa mwanawe baada ya kustaafu. Mwanawe mwenyewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, leo yuko huku, kesho yuko kule, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili: yeye na mkwe wake, fundi miwani, mwembamba, mpole, mwenye vidole vya kukaza skrubu ndogo kuliko chawa. Adabu alikuwa nayo ya kujaza debe. Lakini kula! Binti alikuwa anadonoa. Unampakulia sahani ya maana, anakula pembeni pembeni, kisha anasema, "Ahsante Mama, nimeshiba," na katikati pote pamebaki vilevile. Jambo hilo lilimkereketa Mama Upawa rohoni. Kwake yeye, mtu asiyemaliza chakula chako bado hajakukubali.

Sungura ndiye aliyemfuta machozi. Mkwe alimwita Hakimu, kwa jinsi alivyozoea kukaa ametulia akimtazama kila anayeingia kana kwamba anasubiri kumhukumu. Hakimu alikula. Mkate alikula, ndizi mbivu alikula, biskuti alizimaliza na makombo yake, hata wali wa jana hakuukataa.

"Mama, huyu huwa anakula nyasi tu, na mboga za majani kidogo," mkwe alijaribu kusema siku moja.

"Nyasi? Nyasi ni za mbuzi. Mtu anaishi ndani, kwenye zulia, unampa nyasi?"

Mkwe alitabasamu midomo imefungwa, na hakurudia. Hakulelewa kumsahihisha mama mkwe mara mbili.

Sasa Hakimu alikuwa amejikunyata kwenye kona ya kizimba, mgongo juu, macho nusu. Mkwe alitoka chumbani akiwa na hereni moja sikioni na nyingine mkononi, tayari kwa kazi. Aliona mkate. Akavuta trei ya chini ya kizimba, akaikuta kavu na safi.

"Mama, hajapata choo tangu jana."

Akainamisha sikio. Hakimu alikuwa anasaga meno, taratibu, kama mtu anayevumilia uchungu mbele za watu. Hereni ilimponyoka mkwe, ikabingirika chini ya kochi, na hakuitafuta.

Mama Upawa aliliona hilo. Alijua Hakimu ni nani katika nyumba ile. Kabla ya ndoa, binti alipokuwa akipanga chumba kimoja na dunia nzima haina habari naye, sungura huyu ndiye aliyempokea mlangoni kila jioni. Akifa huyu, alijiambia, hakuna atakayenigombeza. Mkwe atanitengea chai. Ataniita Mama kwa sauti ileile ya upole. Na hatanisamehe mpaka naingia kaburini.

"Lete taulo," alisema. "Tumfunike, twende."

Daktari wa mifugo alikuwa pande la mtu, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Alimpapasa Hakimu tumbo kwa ncha za vidole, akaweka kipimo chake cha kusikilizia, akahamisha huku, akahamisha kule.

"Hakuna kilichoziba. Hilo tushukuru. Lakini utumbo umelala, umejaa gesi tu." Alivua kipimo masikioni. "Amekuwa akila nini?"

Mkwe alitazama sakafu. "Ni mimi, daktari. Nimekuwa na haraka asubuhi, basi nikawa nampa mkate."

Shingo ya Mama Upawa iligeuka yenyewe. Binti alikuwa amesimama wima, uso umemshuka, akimbebea mzigo ambao hata hakuombwa aubebe. Mama Upawa aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Akaona na kitu kingine juu ya aibu, akampenda yule mtoto palepale.

"Weee! Hebu niache," alisema. "Daktari, huyu anaongopa, na hata kuongopa hajui. Mkate nimempa mimi. Na ndizi. Na biskuti. Na wali. Na usiniulize kiasi gani, kwa sababu mimi mkono wangu haujui kidogo."

Daktari aliuma mdomo asicheke. Akaeleza kwamba tumbo la sungura halitakiwi kusimama hata kidogo, na kinachoendelea kulisukuma ni nyasi, nyuzi nyuzi, siku nzima. Ukilijaza mkate na vitu vitamu, linachacha, linavimba, linasimama. Sungura akiumwa tumbo hali, na asipokula linazidi kusimama.

"Kama sufuria lisilokorogwa," alisema Mama Upawa.

"Hasa."

"Linashika chini."

"Linashika chini, Mama. Na kuna jambo jingine. Sungura ana kinyesi cha aina mbili. Kile laini hukila tena mwenyewe, kina virutubisho. Huyu wako ameacha kukila, kimemgandia huku nyuma, unaona? Vyakula vitamu ndivyo vilivyomharibia."

Mama Upawa aliinama, akatazama. "Yaani mavi yake yana faida kuliko mkate wangu?"

"Kwake yeye, ndiyo."

"Makubwa haya," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mkwe aliinua macho.

Daktari alimchoma Hakimu sindano ya maumivu na ya kuamsha utumbo, akampa maji chini ya ngozi, akawafungia unga wa nyasi wa kukoroga na bomba la kumlishia.

Siku ile ilipita, trei ikabaki kavu. Asubuhi yake mkwe alisimama mlangoni na mkoba begani, hatoki, harudi. Dukani kulikuwa na watu wanasubiri miwani yao.

"Naweza kuomba ruhusa," alisema.

"Ukakae hapa umtumbulie macho? Nenda kazini. Niachie mimi."

Mama Upawa alijua anaomba nini; mkono uliomuumiza Hakimu ndio huohuo unaoomba upewe tena. Hakushusha macho. Kulisha ndiyo kazi aliyoijua duniani, na kama sungura huyu analishwa hivi, basi atamlisha hivi.

Mkwe aliweka bomba la kulishia kwenye kiganja chake. "Kwa pembeni ya mdomo, Mama. Kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo," alirudia, kwa ugumu wa mtu anayejifunza lugha ngeni.

Basi alianza. Alikoroga unga ule wa kijani mpaka ukawa laini bila donge, akaujaribu joto kwa kiwiko. Akamfunga Hakimu kwenye taulo kama mtoto mchanga, akampenyezea tone, akangoja ameze, akampenyezea jingine. Kungoja ndiko kulikomtoa jasho. Mkono ulitaka kusukuma. Aliukemea kwa sauti. Kisha akampapasa tumbo kwa mviringo, polepole, alivyokuwa akimpapasa mwanawe zamani msokoto ulipomshika. Akamfungulia atembee ukumbini, naye akamfuata nyuma akiwa ameinama, akisema, "Tembea, mheshimiwa, tembea, kesi haijaisha."

Mchana alitoka na kisu kwenda kukata nyasi nyuma ya nyumba. Alizichagua kama alivyokuwa akichagua mchicha wa shule: hizi zimeloana, hapana, hizi zina vumbi la barabara, hapana, hizi ndizo. Aliporudi alipita karibu na mkate uliokuwa mezani. Harufu ilikuwa nzuri. Aliufunika kwa bakuli, akaendelea na safari yake.

Hakimu alinusa jani. Akaliacha. Akalinusa tena. Halafu meno yakaanza kazi, na jani likawa linaingia mdomoni taratibu, refu, kama uzi kwenye cherehani. Jua lilikuwa limeanza kuinama dirishani Mama Upawa alipovuta trei na kukuta vijipunje vyeusi, vikavu, vya duara, vidogo kama pilipili manga.

Alipiga simu dukani. "Amekunya!"

"Mama?"

"Amekunya, mwanangu! Ninavyo hapa mkononi!"

Upande wa pili akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu afike: mkwe alikuwa anacheka, kicheko kikubwa, kinene, huku mteja fulani akiuliza kulikoni. Kilikatika katikati, kikageuka kuwa kilio, kikarudi tena kuwa kicheko. Mama Upawa alisimama ukumbini akikisikiliza mpaka kikaisha.

Jioni aliweka sufuria mezani, sahani mbili, akakaa. Mkono wake wenyewe ukauchukua upawa, ukauzamisha, ukaanza kuelekea kwenye sahani ya mkwe. Ukasita juu ya sahani. Aliumimina mchuzi ukarudi sufuriani, akaugeuza upawa, mpini ukamwelekea binti.

"Jipakulie mwenyewe, mwanangu."

Mkwe aliutazama mpini, kisha akaupokea. Akajipakulia kidogo, kidogo cha kumuuma mpishi yeyote mwenye roho. Mama Upawa aligeukia kizimbani upesi, asije akasema neno. Pale Hakimu alikuwa amekaa katikati ya nyasi zake, taya zinakwenda, akimtazama.

Nyuma yake kijiko kiligonga sahani, kikagonga tena. Baada ya muda, upawa uligusa ukingo wa sufuria kwa mara ya pili. Mama Upawa hakugeuza kichwa.