Mtoto wa Watu Kwenye Runinga

Kila Jumatano jioni, tamthilia ya vijana ilipoanza, bibi alivuta kiti hadi karibu na runinga na kuanza kugombana na waliomo ndani. Jina la msichana mmoja wa humo, aliyeacha kula akawa anashinda akiutazama ukuta, lilimshinda kulishika, kwa hiyo alimwita Mtoto wa Watu.

"Wewe Mtoto wa Watu, amka uoge! Mwoneni, anajifunika tena."

Nyuma yake, binti yake, fundi cherehani, alishona sare za shule, sikio moja likiwa kwenye hadithi. Mjukuu, msichana wa sekondari, alikaa sakafuni akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo zilizokwisha.

Wiki moja nyuma, mwenye duka la jirani alikuja kuchukua gauni lake akanogewa, akabaki kutazama.

"Huyo si mgonjwa," alisema. "Anadeka. Sisi enzi zetu nani alikuwa na nafasi ya kuhuzunika?"

"Mleteni kwangu," fundi alidakia. "Nimpe ndoo ya nguo chafu. Akimaliza kufua, kapona."

Walicheka mpaka bibi akashika mbavu. Fundi aliisahau kauli yake kabla hata mgeni hajatoka.

Jumatano hii, kabla ya tamthilia, yule msichana alimletea mama yake sketi ya shule.

"Mama, nibanie tena kiunoni. Inashuka."

Fundi alizungusha futi, akabana pini midomoni. Muhula huu alikuwa ameshaibana sketi hiyo mara mbili, akijisemea kwamba mtoto anarefuka. Safari hii futi ilimshtua. Muda wote huo alishughulika na sketi. Hakuuliza kiuno kinakwenda wapi.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, Mama."

"Kuna mtu kakusumbua shuleni?"

"Hakuna."

Mazungumzo yakaishia hapo. Fundi akarudi kwenye mashine, moyo haujatulia.

Kwenye runinga, mama wa yule msichana aliingia, akaketi kitandani bila neno. Bibi alikaribia kuanguka kitini.

"Haya, mwambie mama yako! Unangoja nini?"

"Hawezi, Bibi," mjukuu alisema kutoka sakafuni.

"Hawezi kwa nini? Kashonwa mdomo?"

"Mama yake atacheka. Alishasema dawa yake ni ndoo ya nguo chafu."

Cherehani ikanyamaza. Mama wa kwenye tamthilia hakuwa amesema neno kama hilo hata siku moja. Fundi alijua nani alilisema.

Kwenye kioo, Mtoto wa Watu alifungua kinywa. Muziki ukapanda, majina ya waigizaji yakaanza kupita.

"Wamekata!" bibi alipiga paja. "Watu hawa hawana huruma! Wiki nzima nikae roho juu?"

Fundi alitaka kusema kwamba alikuwa akitania tu. Akalimeza neno hilo. Alishuka, akaketi sakafuni katikati ya vipande vya nyuzi, bega kwa bega na mwanawe, na macho akayaacha kwenye yale majina.

"Kama mama yake alisema hivyo, alisema upuuzi," alisema taratibu. "Hakujua. Sasa anataka kujua. Huyo mtoto anajisikiaje?"

Msichana alizungusha uzi kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena.

"Kachoka. Akilala usingizi hauji. Akila, ni kama anatafuna karatasi. Wenzake wakicheka, anawaona wako mbali."

"Kuna siku anatamani asiamke kabisa?"

Bibi alinyoosha mkono, akazima runinga.

"Zipo," msichana alisema. "Si zote. Ila zipo." Kisha akauachia uzi. "Mama, ni mimi."

"Najua, mwanangu. Asante kwa kuniambia."

Alimkumbatia kwa muda mrefu.

"Leo tunalala wote kitanda kimoja," fundi alisema baadaye. "Asubuhi tunakwenda zahanati, mimi na wewe."

"Na sare za watu?"

"Watavaa za zamani."

"Watasema nina wazimu."

"Nani huyo?" bibi aliruka. "Aje aseme mbele yangu! Mimi nameza vidonge vya presha, nani kanicheka? Kichwa nacho si kiungo?"

Kesho yake daktari wa zahanati aliwasikiliza bila haraka, akawaunganisha na mshauri nasaha. Haikuwa dawa ya mara moja. Zilibaki asubuhi za kuutazama ukuta, lakini sasa msichana aliweza kusema, "Leo ni mbaya, Mama," na mama akaacha kazi akaja kuketi naye. Sketi hakuibana. Aliitia mpira kiunoni, imfuate mwenyewe atakavyokuwa.

Jumatano iliyofuata mwenye duka alirudi na suruali ya kupunguza.

"Yule bado anadeka?"

"Hata mimi nilisema hivyo," fundi alijibu, akimsogezea kiti. "Kaa tutazame."

Mtoto wa Watu alisema hatimaye, kwa machozi mengi na maneno marefu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akabetua midomo.

"Wa kwetu alisema vizuri zaidi."

"Wa kwenu yupi?" mwenye duka aliuliza.

Bibi alijiziba mdomo. Fundi alisimamisha mashine. Sakafuni, msichana alikata uzi, akainua kichwa.

"Mimi," akasema.