Mtihani Usio na wa Kukubeba

Kampuni ya kusafirisha vifurushi ilipoamua kuhamishia programu zake kwenye kontena, aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mama Pacha wa chumba cha seva. Kila programu ya mapokezi ilipogoma, ni yeye aliyeitwa, na mara nyingi kosa lilikuwa lile lile: seva mpya imekosa kitu kilichokuwamo kwenye ya zamani. Kontena ingemwondolea karaha hiyo. Programu inafungwa pamoja na kila inachohitaji, kama msafiri anayebeba sufuria yake na godoro lake, na popote utakapoitua itafanya kazi. Kilichobaki ni kupata mtu wa kulitunza jukwaa, yaani mfumo unaozipanga kontena zote, unaoziinua zikianguka na kuzihamisha mashine ikielemewa.

Mkuu wa idara akabandika ukutani orodha ya kozi. Wanaoanza wangefanya mtihani wa kuchagua majibu. Watengenezaji wa programu walikuwa na mtihani wao. Watunzaji wa jukwaa wangefanya wa vitendo: unapewa mfumo ulioharibika uutengeneze huku saa inakwenda. Fundi wa mitandao, mtu mzima mpole mwenye kikohozi kisichoisha, alipangiwa huo wa watunzaji. Mama Pacha akajikuta miongoni mwa wanaoanza.

Alimalizia chai yake, akaenda kugonga mlango wa mkuu.

"Mkuu, naomba kuuliza. Mimi ndiyo kwanza naanza leo?"

Mkuu akainuka, akafunga mlango. "Keti, wifi."

Mama Pacha alipoitwa wifi mle ofisini, alijua mambo yametoka kwenye kazi. Mkuu alikuwa dada wa mumewe, tumbo moja, na tangu mwanzo wawili hao walielewana kwamba uwifi unaishia getini.

"Atakayefaulu wa watunzaji ndiye atakayekabidhiwa jukwaa," mkuu akasema. "Nikikupeleka wewe, watu watasema nimembeba mke wa kaka yangu."

"Na usiponipeleka, mimi niseme nini?"

Mkuu akaketi tena.

"Mtihani wenyewe unasimamiwa na mtu asiyenijua," Mama Pacha akaendelea, taratibu. "Ananitazama kwa kamera huko huko aliko. Hana kaka aliyenioa. Nikifaulu, nani atasema umenibeba?"

"Na ukianguka?"

"Nitakuwa nimeanguka kwa miguu yangu mwenyewe."

Mkuu akachukua kalamu, akatoka naye hadi ukutani, akalihamisha jina lake mbele ya watu wote.

Mama Pacha alisoma kwa bidii. Mumewe, seremala, alimtengenezea meza ndogo ya kuweka pembeni mwa chumba cha kulala, na siku ya mtihani akawachukua pacha wao wakashinda naye karakana. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, alikaa sebuleni na kuzima redio yake bila kuombwa. Alichokuwa hajaelewa ni kitu kimoja tu.

"Hizo kontena utazipakua na nani, mwanangu? Maana zile ninazoziona kwenye malori si za kunyanyua mtu mmoja."

"Hizi hazina uzito, mama."

"Basi Mungu akusaidie na hizo hizo."

Msimamizi akamwamuru azungushe kamera, aonyeshe ukuta, meza, hata chini ya meza. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Kisha akakutana na kontena moja iliyokuwa ikiinuka na kuanguka, ikiinuka na kuanguka, naye akaing'ang'ania kama kupe. Alijua dawa yake iko karibu. Aliipata, lakini alipoinua macho, muda ulikuwa umeyoyoma na maswali kadhaa hajayagusa.

Akafeli kwa alama chache. Wiki hiyo hiyo fundi wa mitandao akafaulu, akakabidhiwa jukwaa. Mama Pacha alikuwa wa kwanza kumpa mkono, kisha akaenda chooni akanawa uso, akakaa humo mpaka macho yalipotulia. Nyumbani hakula vizuri. Mumewe hakumsemesha sana; alimwachia nafasi, akalaza watoto yeye mwenyewe.

Baada ya siku chache akaomba kurudia mtihani. Mkuu alishangaa.

"Nafasi si imeshachukuliwa?"

"Imechukuliwa. Lakini mimi bado sijajua kama najua."

Jumamosi asubuhi mkuu, sasa kama wifi, akaingia sebuleni kwa kaka yake na kompyuta kwapani.

"Nimekuja kuvunja," akasema.

Mama mkwe akaacha kuchambua mchele. "Haya, mawifi wameanza. Vyombo vya nani leo?"

"Vya kwangu, mama. Mimi navunja, yeye anatengeneza. Akikwama kwenye kimoja, anaruka kwenda kingine. Ile tabia yake ya kung'ang'ania ndiyo ninayotaka kumwondolea."

Ndivyo zilivyokwenda Jumamosi zao. Wifi alifunga njia za mtandao, akafuta mipangilio, akazipa kontena kumbukumbu ndogo hadi zikafa kwa njaa. Mama Pacha alitafuta, akatengeneza, akaruka, akarudi. Kuna siku walibishana mpaka mama mkwe akawaletea chai ili wanyamaze. Kuna siku walisahau kabisa kompyuta wakazungumza habari za ndoa iliyomshinda wifi, jambo ambalo kwa miaka yote hakuna aliyethubutu kumuuliza. Lilianza lenyewe, kati ya hitilafu moja na nyingine, na Mama Pacha akasikiliza bila kukata maneno.

Mtihani wa pili ulimkuta ametulia. Swali lilipomkatalia, aliliacha liloweke, akaenda lingine. Majibu yakaja kesho yake yuko kazini: amefaulu. Aliwageukia wenzake akawaambia, wakapiga makofi, naye mkuu akatoka ofisini akampa mkono na kusema, "Hongera, Mama Pacha," kwa sauti ile ile ambayo angempongezea mtu yeyote.

Fundi wa mitandao alisubiri watu watawanyike, akavuta kiti karibu naye. Tangu akabidhiwe jukwaa simu yake ilikuwa haipumziki, na kikohozi nacho kilikuwa kimezidi.

"Nimezungumza na mkuu," akasema. "Tuligawane hili jukwaa, wiki yangu, wiki yako. Unaonaje?"

"Umesema mwenyewe, au umetumwa?"

"Nimesema mwenyewe. Mtu peke yake hapati hata nafasi ya kuugua."

Mama Pacha akacheka. "Basi anza wewe kuugua. Nenda hospitali kesho, wiki hii niachie mimi."

Fundi akashukuru, akampa nywila za jukwaa, akaenda kuchukua koti lake.