Picha ya Ndege Juu ya Ghuba ya Nungwe

Asubuhi moja ya mwaka 1951, Mwalimu Athanas alikuwa akikagua kucha za wanafunzi, mifuko ya kaptura yake ikiwa imejaa mawe. Tangu ahitimu chuo cha ualimu alikuwa mwepesi mno. Asipobeba mawe, alielea. Wazee wa Nungwe walisema elimu imemkausha. Yeye aliona ni hali ya kawaida kwa mtu mwenye cheti.

Mama Jilala, mkulima wa pamba kando ya ziwa, alisubiri ukaguzi uishe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane," alimwitikia kama mwanawe. "Ndege ya mgodi imepiga picha, wanasema shamba langu ni pori. Wanalichukua."

Ndege hiyo ilitumika kufundishia marubani wakati wa vita. Sasa ilipima ardhi yenye dhahabu. Meneja wa mgodi alitamani picha ya ndege yenyewe ikiwa angani, ila hakupata mpigapicha wa kuifuata huko.

"Si unaelea bure kila siku?" Mama Jilala alisema. "Leo elea kwa faida. Ipige picha ndege, na shamba langu litokee chini yake."

Meneja alimkabidhi kamera. Mwalimu aliyapanga mawe yake chini kwa kufuata ukubwa, akapaa. Juu ya ghuba, rubani alimpungia mkono. Mwalimu alimwashiria akae wima. Chini, Mama Jilala alisimama katikati ya pamba, jembe begani.

"Mwalimu!" Ngassa, jirani wa mama huyo, alipaza sauti. "Kaptura imetoboka nyuma! Huku tunasoma yote!"

Picha ilitoka safi: ndege, maji, na chini kabisa shamba zima, mama akitazama juu. Hapakuwa na pori. Meneja aliitazama kitambo, kisha akasema ndege imekaa juu mno. Je, mwalimu, kama msomi, alionaje?

Mwalimu aliomba rula. Alieleza, kwa ufasaha uliomfurahisha mwenyewe, kwamba kilicho kikuu hukaa katikati, na kwamba picha ikipunguzwa upande wa chini, uwiano utakamilika. Karani alileta mkasi.

Picha ilipotundikwa ofisini, Mama Jilala aliletwa kuiona.

"Shamba liko wapi?"

"Sasa imelingana, mama."

"Wabeja, mwalimu," alimshukuru, bila kumtazama.

Walirejea ziwani pamoja. Vigingi vya mgodi vilikuwa vimekwisha kupigwa katikati ya pamba. Mwalimu alifumba jicho moja, akavitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Vilikuwa vimenyooka.